Bafle za kikundi: tusinunue namba, tununue sauti

Mwaka jana kulikuwa matanga katika komini ya Mangobo. Saa nne ya usiku mzee wa familia alisimama kusema neno. Alishika mikro, akataja jina la marehemu, na bafle zetu mbili zikanyamaza. Moja ilitoa kwanza mlio kama wa samaki anayetupwa ndani ya mafuta ya moto, kisha tukasikia harufu ya waya unaoungua, kisha kimya. Mzee aliendelea kwa mdomo mtupu. Waliokaa mbele walimsikia, waliokaa nyuma ya bashi hawakusikia neno.

Familia ile ilikuwa imetulipa. Asubuhi mama presidenti wetu aliwarudishia pesa yao mkononi, mbele ya watu, na sisi tukarudi nyumbani na aibu yetu.

Bafle zile tulizinunua kwa pesa ya likelemba, dola 300, wiki tatu tu mbele ya usiku ule. Zilikuwa nzuri kwa macho: taa za rangi zinazozunguka, magurudumu, na herufi za dhahabu zilizoandika «wati 5000». Fundi alipozifungua alituonyesha ampli ndogo kama kiganja cha mtoto. Akacheka kidogo, halafu akaona nyuso zetu na akaacha kucheka. «Wamama,» akasema, «hii ikitoa wati 40 za kweli, mshukuru Mungu.»

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanajua namna vikundi vyetu vinavyofanya kazi. Sisi tunakodisha viti, bashi mbili na sufuria kubwa kwa ndoa na matanga. Watu walikuwa wanatuuliza kila mara: na muziki je? Na mmoja wetu ana kijana aliyepata diploma ya Serikali, amekaa miaka mitatu bila kazi, lakini anajua kupanga nyimbo mpaka wazee wanasimama kucheza. Tukasema huyu atakuwa DJ wetu. Baada ya usiku wa Mangobo, nusu ya kikundi ilisema basi, pesa iliyobaki iende kwenye mashine ya kusaga muhogo. Kijana alikuwa amesimama mlangoni wakati wa mkutano, na hakusema kitu.

Mama mweka hazina ndiye aliyenigeukia. «Mama mwalimu, wewe unafundisha watoto wetu fizikia, na umeisomea kwenye chuo cha ualimu. Utufundishe na sisi kwanza, mbele hatujatoa tena hata faranga moja.» Nilipewa miezi miwili. Niliuliza mafundi, niliuliza ma-DJ, nilisoma vibao vya nyuma ya bafle katika maduka mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Haya ndiyo niliyowaletea, na kwa kuwa vikundi vingine vimeniuliza, nayaandika hapa.

Kwa nini bafle yenye ampli ndani

Kuna bafle za aina mbili. Aina ya kwanza ni sanduku tupu lenye vipaza ndani. Inahitaji ampli nzito pembeni, na lazima ampli na bafle zipatane kwa nguvu na kwa omu, la sivyo moja inaua nyingine. Aina ya pili ina ampli yake ndani ya sanduku. Unachomeka umeme, unaingiza waya wa muziki, inafanya kazi. Kiwanda ndicho kilichopatanisha vitu vya ndani.

Kwa kikundi kinachohama kila juma, leo Kabondo, kesho ng'ambo ya mto Lubunga, aina ya pili inafaa zaidi. Vitu vya kubeba ni vichache, nyaya za kukosea ni chache. Na bafle moja ikigonjwa, ya pili inaendelea kuimba mpaka asubuhi. Ubaya wake mmoja: kila bafle inataka umeme wake, kwa hiyo ralonji zinakuwa nyingi.

Wati za kopo lililobonyea

Kila mama anayenunua mchele sokoni anajua kopo ambalo muuzaji amelibonyeza chini. Kwa nje ni kopo lile lile, kwa ndani mchele umepungua. Namba za wati ziko hivyo.

Namba ya kweli inaitwa RMS, au wati za kuendelea: ni nguvu ambayo bafle inaweza kutoa kwa muda mrefu bila kuungua. Namba ya pili ni ya kilele, yaani nguvu ya kishindo kimoja kifupi. Na kuna ya tatu, PMPO, ambayo haina kipimo kimoja kinachokubaliwa; muuzaji anaweza kuandika anachotaka. Kopo lililobonyea ndilo hilo.

Nitoe mfano mmoja wa kiwanda kinachoheshimiwa. Bafle ya Yamaha inayoitwa DBR10 ina sahani ya inchi 10 na uzito wa kilo 10,5. Kiwanda chenyewe kinaandika wati 700 za kilele, na 325 za kuendelea. Hata kiwanda cha ukweli, namba yake kubwa inapita mara mbili ile ya kazi. Sasa, kama bafle hiyo ina 325, sanduku la plastiki jepesi la bei ya chini linapata wapi 5000? Jiulizeni hivyo kila mtakapoona herufi za dhahabu.

Kuna jambo la pili ambalo lilishangaza kikundi chetu. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu. Sikio linatambua, lakini kidogo. Ili masikio yaseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kwa hiyo msitoe dola 100 za ziada ili kutoka wati 300 kufika 400. Hakuna mgeni wa ndoa atakayesikia tofauti hiyo. Pesa hiyo iende kwenye vitu ambavyo nitavitaja mbele.

Inchi ngapi, na bafle ngapi

Vijana watawaambia inchi 15, au 18, kwa ajili ya besi inayotikisa kifua. Sikatai, besi ni tamu. Lakini hesabuni kazi zenu. Sisi tulihesabu kazi za mwaka mmoja: matanga, ndoa, kutoa mahari, sherehe ya tarehe 8 mwezi wa tatu, mikutano ya wazazi. Katika hizo zote, maneno yanakuja kwanza. Mzee anazungumza, mchungaji anaomba, mjomba wa bibi arusi anataja mahari. Neno likipotea, kazi imeharibika, hata kama besi ilikuwa nzuri.

Sauti ya mtu inabebwa vizuri na bafle ya inchi 10 au 12 yenye pembe nzuri juu yake. Ya 15 inashuka zaidi kwenye besi, lakini ile ya bei ndogo mara nyingi inafanya maneno yawe mazito, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Tena ni nzito kubeba kwenye pikipiki. Sisi tulichagua 12.

Na tulichagua mbili za kati badala ya moja kubwa, kwa sababu ya umbali. Nje, pasipo kuta, kila umbali ukizidishwa mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Aliyekaa mita 2 kutoka kwa bafle na aliyekaa mita 16 wana tofauti ya desibeli 18. Bafle moja kubwa mbele inawaumiza bibi na watoto waliokaa karibu, na huku nyuma watu wanauliza «amesema nini?» Bafle mbili zilizopangwa pande mbili zinagawa sauti vizuri zaidi.

Mziweke juu ya miguu ya chuma, vichwa vya bafle vipite vichwa vya watu. Miili ya watu inameza sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazofanya maneno yaeleweke. Bafle iliyowekwa chini inaimbia magoti. Miguu miwili imetusaidia kuliko wati 200 za ziada.

Anzeni na umeme mlio nao

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Tulinunua bafle, kisha tukatafuta umeme. Ilifaa tuanze na umeme.

Umeme wa mji wetu unatoka kwenye bwawa la mto Tshopo, ambalo lilijengwa nyakati za Wabelgiji, na mji umekua sana tangu hapo. Tunajua sote unavyoshuka jioni na unavyorudi kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kinachoua ampli. Kwa hiyo regilateri, kile kisanduku cha kutuliza umeme, si anasa. Iwe na nafasi ya kutosha kwa bafle zote mbili na mikseri. Radi ikianza kunguruma, msingoje: toeni prizi zote ukutani.

Tazameni pia nyuma ya bafle, karibu na tundu la umeme. Nyingine zina kibonyezo cha volti 115 na 230. Kwetu ni 220, kwa hiyo kiwe upande wa 230. Ukichomeka bafle iliyowekwa kwenye 115, inaungua mara moja, na hakuna muuzaji atakayeirudisha. Bafle nyingine za okazi zinazotoka Amerika zinapokea volti 115 peke yake. Hizo ziacheni.

Sasa grupu. Ile ndogo inayobebwa kwa mkono mmoja, iliyoandikwa 950, kwa kawaida inatoa wati 650 hivi za kuendelea. Someni kibao chake, si rangi yake. Je, inaweza kubeba bafle mbili za wati 300? Inaweza, kwa sababu muziki si kama pasi. Pasi inavuta nguvu yake yote muda wote. Muziki unavuta kwa vishindo, na wastani wake uko chini sana, mara nyingi karibu sehemu moja ya nane ya nguvu ya bafle. Lakini taa nyekundu ya bafle ikiwaka kila wakati, hesabu hiyo imevunjika. Sisi tumeweka sheria: bafle, mikseri, ordinateri ya DJ na taa mbili, basi. Hakuna friji ya vinywaji kwenye grupu ya muziki, hata kama mwenye ndoa ananuna.

Kuwasha kuna utaratibu. Washeni grupu kwanza bila kitu, ipate joto. Kisha mikseri. Bafle za mwisho. Kwa kuzima, bafle za kwanza. Hivyo kile kishindo cha «bwap!» hakitapiga sahani zenu. Na wamama, neno hili lisisahauliwe: grupu ikae nje, mbali na watu, nyuma ya nyumba. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua mtu akiwa usingizini. Msiifungie kamwe ndani ya chumba kwa kuogopa wezi au mvua.

Mtihani wa dukani

Bafle zinazofika Kisangani zimesafiri. Nyingine zimepanda mto kutoka Kinshasa, nyingine zimetoka Kasindi na Butembo kwa barabara, zikapita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende katika mashimo tunayoyajua. Hata bafle nzuri inaweza kufika na skurubu zimelegea. Kwa hiyo msilipe kitu hamjakisikia. Tulikwenda dukani watu wanne: mimi, mweka hazina, fundi tuliyempa pesa ya soda, na kijana wetu. Tulifanya hivi:

Kwanza, tuliinua. Bafle yenye sumaku nzuri ina uzito wa kweli. Sanduku la inchi 12 linaloinuliwa kama kapu tupu linawaficha kitu.

Pili, tuliiwasha bila muziki na kusogeza sikio. Mlio mdogo wa hewa si kosa. Mngurumo mkubwa ni kosa.

Tatu, mikro. Mweka hazina alisoma majina ya wanachama kwa sauti ya kawaida, nami nikatembea barabarani hatua thelathini. Kila jina nilipaswa kulisikia wazi. Bafle mbili za kwanza zilianguka katika mtihani huo, ingawa muziki wake ulikuwa mzuri.

Nne, muziki kwa waya, si kwa Bluetooth, mpaka robo tatu ya nguvu, kwa saa nzima. Muuzaji hakupenda. Tulikaa. Kisha fundi aligusa bati la nyuma: joto lilikuwepo, lakini mkono uliweza kubaki juu yake.

Tano, matundu. Tulitaka tundu la waya mnene wa miguu mitatu, ule mafundi wanaouita kanoni. Waya huo unaweza kwenda mbali bila kuokota kelele za grupu.

Sita, karatasi. Fakture yenye namba ya kila bafle na siku za kurudisha, imeandikwa na kutiwa sahihi. Muuzaji anayekataa kuandika anawaambia jambo, msikilizeni.

Kuhusu jina la kiwanda: bafle ya okazi ya kiwanda kizuri inaweza kupita mpya isiyo na jina, mradi ipite mtihani huo huo. Lakini majina makubwa yanaigwa. Kibao cha nyuma chenye herufi zilizokosewa, au kisicho na namba yoyote, ni alama ya kuondoka.

Hesabu yetu

Kikundi kilikuwa na dola 700. Naiandika yote, ili mtu asiseme mama mwalimu aliongea nadharia.

Bafle mbili za inchi 12, wati 300 za kuendelea kila moja: dola 410. Mikseri ndogo: 70. Miguu miwili: 50. Regilateri: 45. Nyaya na ralonji: 35. Mikro: 25. Mifuko miwili ya turubai, iliyoshonwa na mwenzetu mmoja: 15. Jumla 650. Zilizobaki 50 ziliwekwa kando kwa matengenezo, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa kwa kazi nyingine, hata presidenti. Grupu tulikuwa nayo.

Angalieni: bafle zimekula kama sehemu sita tu kati ya kumi. Kikundi kinachomaliza pesa yote kwenye bafle kitaziunganisha kwa waya mbovu, kitaziweka chini kwenye matope, na siku ya kwanza ya mvua kitalia. Na sisi huku mvua haina mwezi wake. Mifuko ya turubai imetuokoa mara mbili katika pirogue. Nyumbani bafle zinakaa juu ya mbao, si sakafuni, na kijana anazifungulia hewa kila juma, kwa sababu mende wanapenda joto la ampli na wanaharibu vitu vya ndani.

Pesa inayoingia inagawanywa mara tatu: fungu la kijana, fungu la mafuta, usafiri na matengenezo, fungu la sanduku la kikundi. Tumetoka mara 11 mpaka leo, na sanduku limerudishiwa dola 230. Bado tuko mbali na 700. Wale waliotaka mashine ya kusaga bado wanatuhesabia, na wana haki.

Masikio ya watoto wetu

Sheria moja zaidi ni ya kwetu kama wamama. Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka 2022 lilitoa kanuni kwa mahali pa muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Hata bafle za kawaida zinapita hapo kwa urahisi kwa mtu aliyekaa mbele yake, na sikio lililoharibika halirudi. Basi sisi tunafunga kamba mbele ya bafle, hatua tano, na mtoto haruhusiwi kuingia wala kulala pale. Mama mwenye kichanga anapewa kiti cha nyuma. Na usiku ukiwa mkubwa, DJ anashusha sauti. Jirani anayelala leo ndiye atakayetukodi kesho.

Juma lililopita tulirudi Mangobo, kwa familia ile ile. Safari hii ilikuwa ndoa. Tulikwenda na woga, siwezi kuficha. Mzee alisimama, akashika mikro, akaiangalia kwanza kwa muda, na watu wakacheka. Kisha akasema. Nilikuwa nimekaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na barabara, na nilisikia kila neno. Kijana wetu alikuwa amesimama nyuma ya mikseri bila kutikisika mpaka mzee alipokaa. Ndipo akaanzisha wimbo.